Meza ya futi 16: shajara ya karakana yangu Kisumu

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Leo nimelipa kodi ya chumba cha nyuma hapa Kondele, miezi miwili mbele, na nimenunua daftari. Miaka tisa nimeshona barazani mbele ya duka la mwenyewe: mvua ikija navuta cherehani ndani, jua likigeuka nageuza kiti. Baraza hilo limewalisha watoto wangu na kuwasomesha, silisemi vibaya. Ila barazani hapana nafasi ya meza, na fundi asiye na meza hukata nguo moja moja mpaka uzee umkute hapo hapo.

Kwa atakayesoma bila kunijua: mimi ni mzaliwa wa Bukavu, Kivu ya Kusini, huko Kongo. Baba yangu ni fundi katika soko la Kadutu mpaka leo. Niliondoka mwishoni mwa 2012, baada ya mji wa Goma kutekwa na waasi wa M23 mwezi wa Novemba, mtoto mmoja mgongoni na mwingine nimemshika mkono. Kampala nilikaa miaka miwili na ushee nikishonea mtu. Kisumu niliingia kwa njia ya Busia mwaka 2015, nikanunua cherehani ya Butterfly ya kukanyaga kwa mama mmoja aliyekuwa akihama. Nina kitambulisho cha mkimbizi na kibali cha kazi cha daraja la M. Shule zilipofungwa 2020 kwa ajili ya korona, kazi ya sare ilikatika kabisa, nikashona barakoa usiku na mchana, na hizo barakoa ndizo zilizoninunulia cherehani ya pili na ya tatu. Watu wa hapa huniita nyar Kongo, binti wa Kongo. Nimelipenda jina hilo mpaka nimemwomba mchoraji aliandike mlangoni.

Baba alinifundisha jambo moja kabla hajanipa mkasi: faida ya fundi haiko kwenye kushona, iko kwenye kukata. Mshono ukienda kombo unafumuliwa. Kitambaa kikishakatwa hakirudi. Nimelisikia hilo tangu nina miaka kumi, na nimefanya kazi miaka ishirini bila kuwa na pa kulitekelezea.

Kwa hiyo mradi ni huu. Kabla shule hazijafunguliwa Januari 2025, niwe na meza ya kukatia ya futi 16, mashine ya kukatia ya umeme, ovaloki (cherehani ya kufunga kingo za kitambaa) yangu mwenyewe badala ya kukodi ya jirani, na oda ya sare ya shule nzima. Si watoto watano watano wanaokuja na mama zao wiki ya kufungua. Shule nzima.

Jumapili, 11 Agosti

Baada ya kanisa nimepita soko la Kibuye. Marobota ya mitumba yalikuwa yakifunguliwa, watu wameinama juu yake kama wanaovuna. Nimeshika suruali moja, mshono imara, mifuko mizima, kwa bei ambayo mimi nikitoa zipu, uzi na vifungo sijabakiwa na kitu. Mafundi wenzangu wakiona hivyo hukasirika. Mimi siwezi kukasirika na nguo inayovisha nusu ya mji, tena wanaoiuza ni akina mama kama mimi, wana watoto kama wangu. Nilichojiuliza ni kimoja tu: ni nguo gani ambayo hakuna robota litakaloileta hata siku moja? Ni sare. Hakuna mtoto wa Ulaya aliyevaa sketi ya marinda ya kijani yenye mstari mweupe chini, akaichoka, akaitupa, ikafika Kibuye. Nguo nyingine ni vitenge vya kwaya na vya akina mama wa kanisa, maana hao wanataka wote thelathini wafanane kwa siku moja.

Mzee anayeniuzia vifungo alikuwa mfumaji KICOMI, kile kiwanda cha pamba cha hapa Kisumu, kabla hakijafungwa miaka ya 1990. Bado akikupa vifungo huvihesabu kwa kuvisukuma viwili viwili na kidole, haraka, bila kutazama. Anasema ulipofika wakati wa kutoka kazini, barabara ilijaa wafanyakazi mpaka magari yalisimama. Mji huu ulijua kutengeneza nguo kabla mimi sijafika. Nalikumbuka hilo kila mtu anaponisifu kana kwamba nimeleta cherehani kutoka mbinguni.

Jumamosi, 24 Agosti

Meza imefika. Nimeizunguka mara tatu kabla sijaigusa.

Mbao bapa mbili za blokbodi, kila moja futi 8 kwa 4, unene milimita 18, zimewekwa kichwa kwa kichwa juu ya fremu yenye miguu sita. Mbao shilingi 6,800, fremu na miguu 4,200, kazi ya seremala 3,500, mkokoteni kutoka Kibuye 500. Jumla 15,000, zote nilizoweka akiba tangu Pasaka.

Shida kubwa ilikuwa pale katikati, mbao mbili zinapokutana. Ikiwa upande mmoja uko juu kwa unene wa kucha tu, bati la mashine ya kukatia litakwama hapo na kisu kitayumba. Seremala alipiga msasa, akapitisha kiganja, akasema ni sawa. Nikamwambia ngoja. Nilichukua soksi ndefu ya nailoni, nikaivaa mkononi, nikaipitisha juu ya meza yote polepole, kama Baba anavyofanya. Palipo na kijiti kidogo cha mbao, hata jicho lisipokiona, nailoni itanasa. Ilinasa mara saba. Seremala alitazama kimya, kisha akaniomba ile soksi, akamaliza kazi mwenyewe. Jumatatu atakuja kuchukua nyingine ya kwake.

Kuhusu kimo, aliniuliza nataka sentimita ngapi nami sikuwa na jibu, nikamwambia afuate meza za jikoni anazozijua. Imetoka sentimita 84.

Jumatatu, 16 Septemba

Zamu yangu ya chama ilikuwa Ijumaa. Tuko akina mama 12, kila mmoja anatoa 2,000 kila wiki mbili, kwa hiyo nilipokea 24,000 taslimu. Wengine wakipata zamu hununua godoro au hulipa ada. Mimi nilipanda basi la usiku kwenda Nairobi, na jana nimerudi nimekumbatia mashine ya kukatia ya mitumba, kisu kirefu cha inchi 8, niliyoipata kwa 23,000 kwa fundi mmoja anayefunga karakana. Nauli nimetoa mfukoni.

Si mkasi mkubwa, kama watu wanavyodhani. Ni mota iliyosimama juu ya mguu mwembamba, na mguu huo umekaa juu ya bati lenye magurudumu madogo. Bati linaingia chini ya kitambaa, kisu kinapanda na kushuka kwa kasi, na wewe unasukuma mbele kwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ndio unaobonyeza kitambaa kisicheze, na ndio unaopoteza vidole. Yule fundi alinipa pia glavu ya nyaya za chuma, nzito kama sufuria, akanikatalia kabisa kuilipia. Alisema, "Dada, usiiwashe hata siku moja bila hii."

Nimejaribu kwenye magazeti kwanza, kisha kwenye shuka kuukuu. Mstari wa kwanza ulikwenda kama njia ya mlevi. Wa kumi ulinyooka. Binti ninayemfundisha, anayetoka Nyalenda, alikaa mlangoni akiziba masikio, lakini macho hayakutoka kwenye kisu.

Alhamisi, 3 Oktoba

Oda ipo. Shule moja ya upande wa Mamboleo: sketi 160, suruali 140, na suruali za trakisuti 90. Januari ndiyo mara ya kwanza Gredi ya 9 kuwapo nchini, watoto wa junia (Gredi ya 7 hadi 9) wamebaki katika uwanja mmoja na wale wa msingi, na mwalimu mkuu anataka wakubwa wajulikane kwa nguo. Ametoa malipo ya awali, asilimia 40. Yametosha nyuzi, zipu, vifungo na posho ya mafundi, lakini kitambaa hayakufika hata nusu.

Nikaenda kwa mzee wangu wa vitambaa karibu na Oginga Odinga Street. Ni Mhindi aliyezaliwa hapa hapa Kisumu. Babu yake alitoka Gujarat. Miaka sita nimenunua kwake mita tatu tatu, mita tano tano. Leo nimemwomba majora tisa kwa mkopo mpaka 15 Januari, mali ya zaidi ya 130,000, na sina shamba wala gari la kuweka rehani.

Hakuniuliza habari ya dhamana. Aliniuliza, "Mama, utakilazaje hicho kitambaa?" Nikatoa kwenye mkoba karatasi ya kaki niliyochora ramani ya sketi, yaani jinsi vipande vitakavyopangwa juu ya kitambaa, nikaitandaza kaunta nzima. Akavaa miwani. Aliitazama ile karatasi muda mrefu kuliko aliowahi kunitazama mimi, akafuata mistari kwa kidole, akauliza kwa nini kipande cha mkanda wa kiuno nimekiweka pale pembeni. Nikamweleza. Akamwambia kijana wake apakie.

Kisha akaagiza chai, akanisimulia. Baba yake mdogo alikuwa na duka la nguo Jinja. Mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke Uganda, alivuka mpaka na sanduku moja, akaanza tena nyuma ya duka hili hili tulimokaa. Akasema hata babu yake hakuanza na mali yake. Alianza na majora ya mkopo kutoka kwa mtu aliyemtangulia, na yule naye vivyo hivyo, mpaka ufike kwa akina Allidina Visram. Huyo Visram alitoka Kutch akiwa mtoto, akafanya kazi chini ya Sewa Haji Paroo huko Bagamoyo, kisha maduka yake yakaifuata reli mpaka hapa ziwani na kuingia Uganda. Alikufa 1916, na shule ya Mombasa ina jina lake mpaka leo. Kwenye maduka hayo merikani, kile kitambaa cha pamba, ilipimwa kwa mkono, na mkulima wa pamba au wa ufuta alibeba kitambaa leo akalipa baada ya mavuno.

Nilitoka pale na tuktuk imejaa mpaka dereva haoni kioo cha nyuma. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba mgeni ni mimi, wao ni wenyeji wa biashara.

Jumanne, 22 Oktoba

Leo nimekata sketi zote 160. Naandika hili polepole kwa sababu nataka binti, na yeyote atakayekuja baada yake, alione.

Barazani nilikuwa nakata sketi moja ya msichana wa Gredi ya 9 kwa mita 1.3. Unakunja kitambaa, unaweka kipande cha mbele, cha nyuma, mkanda, na kinachobaki pembeni kinakuwa tambara la kufutia cherehani. Kwenye ramani ya mezani unapanga sketi nne pamoja: ndogo moja, za kati mbili, kubwa moja. Tumbo la kubwa linaacha pengo, kiuno cha ndogo kinaingia hapo. Mikanda yote minne inakaa kwenye ukingo mmoja. Vipande vyote lazima vifuate uzi wa kitambaa, sambamba na ukingo, vinginevyo sketi ikifuliwa mara tatu itajipinda. Nimechora, nimefuta, nimechora tena siku nne. Ramani ya mwisho imekuwa na urefu wa mita 4.4 kwa sketi nne, yaani mita 1.1 kila moja.

Kisha tukatandaza. Mimi upande huu, binti upande ule, jora limewekwa kwenye bomba katikati ya viti viwili. Tunavuta mpaka alama ya mwisho, tunalaza, tunapapasa kutoka katikati kwenda pembeni kutoa hewa, tunakata, tunarudi. Tabaka 40. Kila mwisho tunaacha sentimita 2 za usalama. Ilituchukua saa tatu. Nikalaza ramani ya kaki juu, nikaibana kwa vibanio, nikavaa glavu, nikawasha.

Tabaka 40 mara sketi 4 ni 160. Baada ya saa moja na nusu vipande vyote vilikuwa vimefungwa mafungu kwa saizi. Kwa mkasi, dakika 15 kila sketi, ingekuwa saa 40. Na kitambaa: sentimita 20 nilizookoa kwa kila sketi ni mita 32, mara shilingi 290 ni 9,280. Hizo ni pesa ambazo kila mwaka nilikuwa nazisukuma nje kwa ufagio.

Mgongo unaniuma vibaya usiku huu. Umri umeanza kunitafuta.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimeharibu trakisuti.

Suruali za gabardini zilikwenda vizuri, nikajiona nimefika. Kitambaa cha trakisuti kilipoletwa Alhamisi jioni, nilitaka kumaliza kukata kabla ya wikendi, tukatandaza tabaka 30 moja kwa moja kutoka kwenye jora na kukata usiku ule ule. Leo asubuhi fundi wa kwanza aliunganisha mguu, akauweka juu ya kipimo, akaniita. Mfupi kwa sentimita 3. Tukapima wa pili. Sentimita 3. Tukapima fungu zima.

Gabardini imefumwa, nyuzi zimekazana, ukiilaza inatulia. Trakisuti imesukwa vitanzi kama sweta, na kiwandani imezungushwa kwenye jora ikiwa imevutwa. Ukiikata wakati bado imevutika, unakata urefu ambao si wake. Ikilala usiku mmoja inajirudia, na vipande vyako vinarudi pamoja nayo. Dawa yake ni kuifungua jora lote, kuikunja mezani bila kuivuta, na kuiacha ilale mpaka kesho yake kabla ya kugusa kisu. Baba alinionya nikiwa msichana, kwa kitambaa cha sweta. Sikukumbuka kwa sababu nilikuwa na haraka.

Nilikaa chini ya meza nikalia kidogo, kisha nikampigia mwalimu mkuu kabla sijatafuta la kujitetea. Nikamwambia: Mwalimu, nimekosea, miguu yote ni mifupi, naomba niongeze ribu nyeusi ya sentimita 5 kwenye kifundo cha mguu, kwa gharama yangu, na nitakuletea moja uione kwanza. Alinyamaza, kisha akasema nilete. Ribu imenigharimu 4,600. Nimebandika kwenye ukuta, juu ya swichi ya mashine, kwa herufi kubwa: KITAMBAA CHA KUSUKWA KILALE.

Jumatano, 11 Desemba

Hakuna nafasi ya kuandika. Mafundi wanne, wanalipwa kwa kipande. Umeme ulikatika kwetu siku mbili mfululizo, tukarudi kwenye Butterfly za kukanyaga, taa za simu zikiwa zimefungwa kwenye kamba ya kuanikia nguo. Sketi 118 zimekamilika. Binti amekata tabaka kumi peke yake, nami nimesimama nyuma yake bila kumgusa mkono. Jicho lake ni zuri kuliko langu.

Jumatatu, 6 Januari 2025

Shule zimefunguliwa. Saa moja asubuhi nilikuwa ng'ambo ya lango la ile shule, nimesimama kwenye kibanda cha mama wa mandazi kana kwamba nasubiri matatu.

Walikuja wawili wawili, kisha kundi. Sketi za kijani, mstari mweupe, marinda yamelala upande mmoja. Msichana mmoja mrefu alisimama, akajizungusha ili mwenzake aone, marinda yakafunguka yote kwa pamoja na kujifunga tena. Marinda yakipigwa pasi kabla ya kushonwa kiunoni hufanya hivyo. Yakipigwa baadaye huning'inia tu. Tuliyapiga pasi kabla, yote 160, kwa pasi ya makaa siku ambazo umeme haukuwapo.

Mama wa mandazi akaniuliza mtoto wangu ni yupi. Nikamwambia ni wote. Akacheka, akanipa mandazi mawili bure. Nikamwambia ero kamano, asante kwa Kijaluo.

Jumanne, 28 Januari

Goma imeingiwa tena na M23. Kaka yangu anasema Bukavu bado kumetulia, lakini watu wananunua unga na chumvi. Baba anaendelea kufungua duka. Leo nimeshona zipu moja mara tatu.

Jumapili, 16 Februari

M23 wameingia Bukavu. Tangu Ijumaa simu ya kaka ilikuwa haipatikani, leo jioni ndiyo ujumbe wa sauti umefika, dakika nne. Wako hai wote. Soko la Kadutu lilivunjwa, watu wamepora. Cherehani mbili za Baba zimechukuliwa, na vikwembe vya wateja, na pasi. Kikwembe ndicho wa hapa wanachokiita kitenge. Kaka alivitaja kimoja kimoja, cha nani na cha nani, maana wenyewe watakuja kuviulizia.

Meza imebaki. Ni ya mbao nzito, watu wanne hawaiinui, na mwizi hana haja na meza. Baba amekataa kuondoka. Ana miaka 71. Amesema wateja wake wanajua pale.

Akina mama wa chama walikuja kwangu bila kuitwa, wakakaa na mimi mpaka usiku. Mmoja alileta samaki, mwingine alichukua watoto wangu kulala kwake. Hakuna aliyesema maneno mengi.

Alhamisi, 20 Machi

Hesabu za msimu, kwa kifupi. Deni la mzee wa vitambaa nililimaliza 14 Januari, siku moja kabla. Alinipa risiti na jora la poplini nyeupe, tena kwa mkopo, kabla sijaomba. Baada ya kulipa mafundi, kodi, umeme na ile ribu, zilibaki 61,000. Ovaloki imenunuliwa, mpya, 38,000. Iliyosalia nimeigawa: nusu ya watoto, nusu kwa Baba. Benki za kule zimefungwa. Pesa zimepita kwa mtu wa Kampala, kwa simu, kidogo kidogo.

Shule nyingine ndogo, iliyoagiza mashati 45 mwezi wa Desemba bila malipo ya awali, mpaka leo haijalipa. Kila nikienda naambiwa karani hayupo. Mashati nimeyaona kwa macho yangu yakivaliwa. Kosa langu ni kukata bila kupokea kitu kwanza, na hilo pia limeingia ukutani, chini ya lile la trakisuti.

Jumamosi, 26 Aprili

Kwaya ya kanisa moja la Manyatta, vitenge vya watu 34. Hapa ramani ni kazi nyingine kabisa, maana kitenge kina picha. Ndege lazima awe wima kwenye kila kifua, huwezi kumlaza upande ili uokoe sentimita. Mama mmoja alileta kitambaa akasema ni waksi halisi. Nikakigeuza: rangi upande wa nyuma ni ile ile ya mbele, na ile mistari myembamba ya ufa, nta ilipovunjika, haifanani popote. Kweli ni halisi. Nilimwambia akiweke, avae siku ya harusi ya mwanawe, tumtafutie kingine cha kwaya. Muhula wa pili unaanza Jumatatu na shule ya Mamboleo imeongeza sketi 40.

Jumapili, 18 Mei

Leo Baba amepiga simu ya video, mtandao ukiwa mzuri kwa mara ya kwanza tangu Februari. Amepata cherehani ya kuazima, anashonea watu pale pale. Akataka kuiona meza. Nikampa binti simu aishike, nikatandaza kitambaa kidogo, nikaonyesha ninavyokata.

Hakusema lolote juu ya ramani. Akasema, "Mama, simama muzuri." Nikasimama. "Kunja mukono. Kiwiko iko wapi?" Nikakunja. Akamwambia binti alete simu karibu, pembeni, aone kiwiko na meza pamoja. Akanyamaza, kisha: "Meza iko chini sana. Uko naumia mugongo?"

Tangu Oktoba, nikamwambia. Nilidhani ni umri.

Kipimo chake ni viganja viwili chini ya kiwiko, viganja vimelazwa kwa upana, kimoja juu ya kingine. Tumepima mbele yake. Kutoka sakafuni imetoka sentimita 91 na kitu, na meza yangu ni 84. Miezi tisa nimekuwa nikiinamia inchi tatu. Alicheka mpaka akakohoa, na nyuma yake niliiona kona ya meza ile ya Kadutu, imepauka pale anapoegemea.

Seremala wa Kibuye atakata vipande sita vya inchi tatu na kuvileta Jumanne, tuviweke chini ya miguu. Binti ni mfupi kuliko mimi kwa kichwa kizima. Yeye nimemwagizia kibao cha kusimamia.